Kituo cha Theluji cha Mwalimu Marlys

Marlys Koskela alifundisha chekechea miaka thelathini na moja katika mji mdogo wa machimbo ya chuma, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza, na kwa ubishi hakuwa na mpinzani. Mumewe, Reino, aliendesha gari la mji la kusukuma theluji.

Mwaka mmoja theluji iliziba barabara siku nne mfululizo. Watoto waliporudi darasani hawakuwa na habari nyingine, basi Marlys akawaletea maboksi mawili ya jokofu, makopo ya kahawa na ramani ya mji. Wakajenga kituo cha kutuma magari ya theluji. Maboksi yakawa magari, makopo yakawa simu za upepo. Gari lilipotumwa mtaa usio wake wakagombana, kisha wakajiwekea sharti wenyewe: anayepokea simu lazima aandike jina la mtaa.

Junie Pavlich, mtoto wa miaka mitano, alikuwa hajashika penseli tangu Septemba. Ukimpa, anaiacha ianguke. Siku ya tatu ya kituo, mwenzake alipiga simu kwamba mgonjwa amekwama na ambulensi haipiti. Junie akanyakua penseli, akasogea kwenye ramani, akanakili kwenye karatasi herufi tatu za jina la mtaa, huku ulimi umemtoka nje: ELM.

Wiki hiyohiyo mwalimu mkuu, Dahlberg, alileta waraka. Kona za michezo ziondolewe, muda wake uende kwenye karatasi za mazoezi. Mei kuna mtihani wa kusoma.

"Mimi siondoi," Marlys alisema.

"Sikukuomba, Marlys."

"Nimesikia. Ndiyo maana nakujibu mapema."

Ijumaa, Dahlberg akamtuma Arvid, mfagizi wa shule. Arvid alimkuta mwalimu ameketi ndani ya boksi, magoti yamefika kidevuni, watoto wamemzunguka.

"Mwalimu, nimeambiwa nivunje hivi vitu."

"Vunja. Lakini mimi nimo ndani."

Arvid akajikuna shingo. "Mgongo wenyewe unaniuma," akasema, akaondoka na ufagio wake.

Dahlberg akaja mwenyewe. Kabla hajafungua kinywa, Junie alimnyooshea kopo.

"Kituo cha theluji. Uko mtaa gani?"

"Nataka kuongea na mwalimu wako."

"Mwalimu yuko kazini. Mtaa gani?"

Dahlberg akataja mtaa wake, shingo upande. Junie akautafuta kwenye ramani kwa kidole, akaandika polepole, akamwambia asubiri, kuna watu wawili mbele yake.

"Umeona?" Marlys aliuliza akiwa bado ndani ya boksi. "Huyu hakuwa anaandika."

"Hilo halimo kwenye mtihani."

"Basi mtihani una kasoro."

Jumatatu alipewa barua ya onyo. Akaandika chini yake, "Nimesoma. Sikubali," akatia saini. Nakala yake akaibandika pale kituoni, uso ukutani, na watoto wakachora barabara mpya kwenye upande wake mtupu. Usiku huo hakulala vizuri, na Reino alilijua hilo. Mkewe alikuwa amebakiza miaka mitatu kufikia pensheni.

"Wakikufukuza je?" alimuuliza.

"Watanifukuza nikiwa sahihi."

Hawakumfukuza. Mama yake Junie alikwenda ofisini na karatasi ile yenye ELM, akakaa kwa Dahlberg saa nzima, na waraka haukutajwa tena. Matokeo ya Mei yalipotoka, darasa la Marlys lilikuwa sawasawa na la jirani, lililokuwa limejaza karatasi majira yote ya baridi. Dahlberg alimwonyesha, akidhani atanywea.

"Sawasawa?" Marlys alisema. "Wa kwangu wamecheza, wa kule wamelia. Sasa niambie nani alipoteza muda."

Alistaafu kwa hiari yake, miaka mitatu baadaye. Mwaka wake wa mwisho watoto walitaka kliniki ya ng'ombe, akawaletea kamba na ndoo.