Baba Mkwe Dirishani

Wakati tunahamishiwa kijiji kipya upande wa Morotonga, nilikuwa nimeshafika mahali ambapo asubuhi sikuweza kushika kikombe bila mikono kutetemeka, mpaka kwanza ninywe. Nilikuwa mpika pombe. Nilianza kwa kuonja ile ya mtama kama imeiva, kama anavyoonja mpishi yeyote, na baadaye nikawa natafuta gongo kwa wenzangu, maana ya kwangu ilikuwa hainitoshi tena.

Siku moja tukipalilia pamba shamba la pamoja, nilianguka kwenye matuta nikalala palepale. Nilizindukia zahanati. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kanga yangu. Mganga alinilaza pale mpaka mikono ikatulia. Siku ya kuondoka, mume wangu alipotoka kwenda kuchukua baiskeli, mganga akaniuliza taratibu, "Mama, unataka kuacha?"

"Nimeshajaribu. Siwezi."

"Peke yako ni vigumu. Wako watu Mugumu walikuwa kama wewe, wengine zaidi. Wanakutana Jumamosi alasiri kwenye darasa la kisomo cha watu wazima. Wanaongea tu. Na yanayosemwa mle hayafiki kwa mjumbe wa nyumba kumi."

Nyumbani nilisema naenda kisomo. Mume wangu alinitazama sana, maana barua zetu zote nilikuwa naandika mimi, lakini akasema, "Nenda."

Nilipofika nililipita lile darasa kama mtu mwenye safari zake, nikarudi, nikalipita tena. Ndani watu walikuwa wanacheka. Nilikuwa nimejiandaa kukuta watu wanalia, na kicheko kile ndicho kilichonivuta mlangoni. Fundi cherehani mmoja, Mwislamu anayejulikana na mji mzima, akainuka. "Karibu, dada. Kaa popote."

Nikainua macho nitafute nafasi. Kwenye benchi la mbele alikuwa amekaa baba mkwe wangu.

Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawakai chumba kimoja. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mwanamke anapisha. Nikajifunika uso kwa kanga. Kila Jumamosi mzee alikuwa akituaga kwamba anakwenda kisomo cha kijijini, na sisi tulikuwa tukimsifu kwamba uzee haukumzuia kujifunza! Nikasikia fimbo yake inagonga sakafu, akatoka kwa mlango wa pili. Nikajua nimemfukuza mzee mahali pake, nikageuka niondoke.

"Dada, ngoja," fundi akasema. "Yule ni mkwe wako?"

"Ndiye."

Kisha nje, chini ya dirisha, tukasikia kigoda kinaburutwa.

"Fundi!" Ilikuwa sauti ya baba mkwe. "Mimi niko hapa. Nimewapa mgongo. Endeleeni."

"Unatusikia, mzee?"

"Nasikia vizuri. Mwambieni huyo mama akae. Asiende."

Watu wakacheka tena, na mimi, ndani ya kanga yangu, nikacheka huku machozi yananitoka. Nikakaa.

Fundi alisimulia alivyokuwa akificha chupa kwenye robota la vitambaa, na jinsi alivyomshonea mtu suruali yenye mguu mmoja mfupi. Kisha sauti ya dirishani ikaomba nafasi.

"Wanangu wanajua kwamba wezi waliponichukulia ng'ombe, nilipigana nao nikazidiwa. Sikupigana. Nilikuwa nimelala, nimelewa. Asubuhi nikakuta zizi tupu."

Hadithi ya mapigano yale nilikuwa nimeisikia tangu nilipoolewa. Alijua kabisa kwamba namsikia, na hakupunguza neno. Alipomaliza sikungoja kuulizwa. Nikasema jinsi nilivyokuwa nakunywa na mtoto mgongoni, jambo ambalo hata mume wangu sikuwahi kumwambia. Hakuna aliyeshtuka. Mama mmoja muuza maandazi aliniambia tu, "Ukishikwa na hamu, njoo kwangu. Sukari hakuna, lakini chai ipo."

Kupika pombe niliacha, mitungi nikaigeuza ya maji. Msimu mmoja wa mavuno niliteleza, nikarudi darasani nimeinamisha kichwa, wakanisogezea benchi. Tuliendelea hivyo mpaka mzee alipokuwa hawezi tena kutembea: mimi ndani, yeye dirishani, mvua ikinyesha anavaa koti la mpira. Nyumbani hatukulitaja kamwe jambo hilo.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni safari ya kurudi siku ile ya kwanza. Mzee alitangulia mbali, nami nikamfuata nyuma kama inavyotakiwa, na kila alipofika penye kona alikohoa kwa nguvu, nijue njia ni salama. Jua lilikuwa bado halijazama. Nilipofika nilikuta mume wangu amesonga ugali mwenyewe, una mabonge, na mlenda pembeni. Nikakaa chini nikala. Nikala tena. Ilikuwa muda mrefu sijasikia njaa ya kweli.

"Kisomo kinachosha, eh?" akaniuliza.

"Kinachosha," nikamwambia. "Nitakwenda tena."

Akanisogezea bakuli la mlenda.