Kamba Moja Juu ya Mstari

Mke wangu aliponiomba niwe nikimfundisha hesabu nyumbani, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Heri ningekataa. Darasani alikuwa na mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Mimi nilikuwa na cheti cha sekondari cha zamani na miaka mingi ya ukarani katika stoo ya shamba la katani.

Nilikuwa nimestaafu, tunaishi Marungu, watoto wameshahama. Yeye alikatiza shule akiwa msichana, na sasa alikuwa amejiandikisha katika darasa la watu wazima mjini Voi. Alitaka kufanya mtihani wa kidato cha nne ili afundishe chekechea ya kanisa letu. Nafasi ilikuwepo, ila bila cheti hawangempa.

Mwanzoni tulielewana. Jioni, akishafungia mbuzi, nilichora mstari wa nambari kwa mkaa kwenye saruji ya baraza. Badala ya kuchora duara tulitumia vifuniko vya soda. Kifuniko kilicholala chali kilikuwa duara tupu: nambari hiyo haimo. Kilicholala kifudifudi kilikuwa duara lililojazwa: nambari hiyo imo. Kisha tulitandaza kamba ya katani juu ya nambari zote zinazokubalika. Kubwa kuliko mbili na pia ndogo kuliko sita: vifuniko viwili chali, kamba katikati. Alishika upesi. Akaanza kuniita mwalimu, na jina hilo likanikaa vizuri.

Ndipo likaja swali lenye "au". Nambari iwe ndogo kuliko mbili, au ianzie sita kwenda juu. Aliweka vifuniko sawasawa, kile cha mbili chali, cha sita kifudifudi, akaingia jikoni na kurudi na kisu. Nikamuuliza cha nini.

"Nikate kamba. Kipande kiende kushoto, kingine kulia. Hapa katikati hakuna kitu."

Nilimwambia jibu ni moja, kwa hiyo kamba ni moja. Ukweli ni kwamba hesabu za "au" nilikuwa nimezisahau. Nilichokumbuka ni kamba kukaa katikati.

"Jaribu nne, baba watoto. Nne ni ndogo kuliko mbili?"

"Hapana."

"Imefika sita?"

"Nani alimaliza shule hapa, mimi au wewe?"

Akarudisha kisu jikoni. Kamba ikabaki katikati.

Kesho yake alienda darasani na daftari tu. Nilifungua kitabu chake, nikaona mfano kama ule: mishale miwili inapeana mgongo, katikati peupe. Nikakifunga na kukirudisha mahali pake.

Aliporudi alieleza akiwa anavua viatu. Aliitwa ubaoni, akachora nilivyomwonyesha. Wenzake, wengi wa umri wa watoto wetu, walicheka, na mmoja akauliza kama shosho, yaani bibi, anafunga kamba ya kuanika nguo.

"Nikasema ni mume wangu alinifundisha. Wakacheka zaidi."

Hapo ningeweza kumwambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi jioni ile. Nilimwambia vitabu vya siku hizi vimebadilishwa.

"Kama vimebadilishwa hata kwako, mimi sitaviweza," alisema.

Alipanga vitabu katika sanduku la bati, akaweka blanketi juu yake. Nilidhani atavitoa baada ya siku chache. Mwalimu wake alimtumia ujumbe kwenye simu akimwomba arudi darasani; mke wangu alinisomea, akaufuta. Hata hapo sikumwambia nilichokiona kitabuni.

Chekechea ilipata mwalimu mwingine. Mke wangu hakufanya mtihani ule, na sasa amezeeka, hataufanya. Tunazungumza vizuri tu, habari za mvua, za mbuzi, za watoto wakipiga simu. Lakini tangu jioni ile ya kisu hajaniuliza tena jambo lolote analotaka kulijua kwa kweli. Kukubali kwangu kumfundisha kulimnyima cheti chake, na kukaninyima mimi imani yake.