Mlimao wa Mama na Kamati ya Maji

Mimi ni mjumbe wa kamati ya maji hapa Mombo, na jirani zangu hawajanisamehe. Kila kiangazi tunatangaza katazo lile lile: maji ya mfereji ni ya mpunga, ya bomba ni ya kunywa, kupika, kufua na kuoga. Bustani za nyumbani zisubiri masika. Atakayekutwa amemwagilia, mmea wake unang'olewa. Kipengele hicho cha mwisho nilikipendekeza mimi, na nilipigiwa makofi.

Ukaguzi ni kazi rahisi. Unapita nyumba kwa nyumba ukitafuta kitu cha kijani. Mwaka jana mtaa mzima ulikuwa rangi ya vumbi, hata mipapai ilikata tamaa, isipokuwa mlimao mmoja uliochanua kana kwamba matangazo hayauhusu. Ulikuwa wa mama yangu.

Marehemu baba aliupanda mwaka alioacha kazi kwenye shamba la mkonge, akafa kabla haujazaa. Mama hauiti mlimao. Anauita mzee. Mzee amechanua, mzee ameingiwa wadudu.

Nilichutama nikagusa udongo. Ulikuwa umelowa.

"Mama, umemwagilia?"

"Sijamwagilia."

"Sasa haya maji yametoka wapi?"

Alinitazama, kisha akatazama pembeni. "Andika, baba. Si ndiyo kazi iliyokuleta?"

Niliandika. Mwenzangu wa ukaguzi alikuwa amesimama pale pale, na ningeacha kuandika ningesemwa mpaka masika. Nilimkasirikia mama. Mtu mzima, anaswali swala tano, halafu ananidanganya mchana kweupe. Kikao kilikuwa kesho yake saa nne, na baada ya kikao ni jembe.

Asubuhi niliwahi kwake ili nimsihi aombe radhi. Sikumkuta ndani, nikazunguka nyuma. Khanga mbili zilikuwa zimetundikwa kati ya mlimao na ukuta, na nyuma yake maji yalikuwa yanamwagwa kopo kwa kopo.

"Nani?"

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Rudi mbele."

Nilirudi mbele haraka. Njiani nilipita bafu lake la mabati. Sakafu ilikuwa kavu, na kuku alikuwa ametaga humo.

Nilikaa barazani nikijiona mpumbavu. Mama alikuwa anaoga pale ili maji yake yamfikie mzee, na asingemwambia hivyo mwanawe wa kiume, sembuse kikao cha wanaume. Afadhali aitwe mwizi wa maji. Mimi pia nisingeweza kusimama mbele za watu nikaeleza mama yangu anaogea wapi.

Alipotoka hatukuzungumzia jambo hilo. Alikwenda kununua maandazi. Mimi nikachukua ndoo na kopo, nikaenda kuoga chini ya mlimao, kwa sababu sipendi kusema uongo kikaoni.

Kosa la mama liliposomwa nilisimama. "Hakuna aliyemwagilia. Mimi naoga pale."

Mwenyekiti, ambaye ananijua tangu utotoni, aliuliza kama kwangu hakuna bafu. Nikasema lipo. Akauliza kama mke wangu ana habari. Watu walicheka mpaka karani akaweka kalamu chini. Lakini katazo linaruhusu kuoga na halisemi uogee wapi, kwa hiyo kosa likafutwa. Tangu siku hiyo sipiti sokoni bila mtu kuniuliza kama nimeshaoga.

Mama alisikia, maana Mombo nzima ilisikia. Hakunishukuru, na sikutegemea. Kesho yake nilipokwenda kumsalimia nilikuta khanga zimetundikwa tayari. Chini ya mlimao kulikuwa na ndoo iliyojaa, kipande kipya cha sabuni, na taulo la marehemu baba.

"Kaoge, baba," akasema. "Mzee anakusubiri."

Nikavua shati.