Begi la kijani kanisani

Leo nimemkatiza mchungaji katikati ya kiapo cha ndoa yangu mwenyewe.

Tulikuwa kanisani Dabani, tunarudia viapo baada ya miaka kumi na mbili. Mume wangu, Baba Nekesa, ni mwanajeshi. Siku ya harusi yetu aliitwa kambini kabla hatujakata keki, akaondoka na begi lake la kijani.

Sasa leo mchungaji ananiuliza kama bado namkubali, na mimi macho yangu yako kwenye begi lile lile, chini ya benchi.



"Mchungaji, ngoja kwanza. Baba Nekesa, unakwenda wapi tena?"

Akalivuta begi kutoka chini ya benchi.

Akalifungua. Ndani ni nguo zangu. Gauni langu la gomesi amelikunja pembe nne, kama blanketi la kambini.

"Nimepewa likizo," akasema. "Safari hii tunaondoka sote wawili."

Nikajibu ndiyo kabla sijaulizwa tena.

Tuko Tororo sasa, tunasubiri basi la Mbale. Viatu vya safari alisahau kunipakia, na vya kanisani vinanibana, kwa hiyo nimevaa ndala zake. Mungu anajua sina lalamiko.

Wake wa wanajeshi, nyinyi mnanielewa. Sisi ndio hubaki stendi tukipunga mkono.

Leo aliyebaki Dabani akipunga ni mama mkwe.