Mtumbwi Mmoja na Mama Mkwe

Zamani za wakoloni, mji huu ungali unaitwa Élisabethville, nilikuwa fundi wa karakana ya reli. Mke wangu alikuwa amerudi kwao kando ya mto Lufira, ili mimba ya kwanza ajifungulie kwa mama yake. Nilipopata ruhusa ya kumfuata, nilimkuta ana uchungu tangu juzi na mtoto hatoki. Wakunga walikuwa wamemaliza ujuzi wao. Zahanati ya misheni ilikuwa huko mto unakoteremkia, na mvua ilikuwa imeizamisha barabara. Wanaume wa kijiji wote walikuwa kwenye kambi za uvuvi. Waliojua kupiga kafi tulibaki wawili: mimi, niliyekulia kwenye maziwa ya kaskazini, na mama mkwe wangu.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwetu na kwao, mtu hamwangalii mama mkwe wake wala hasemi naye. Ukimwona njiani unaingia majanini mpaka apite. Tangu nioe sikuwahi kuisikia sauti yake, na sasa tulipaswa kukaa mtumbwi mmoja.

Tukamlaza mke wangu katikati, juu ya mikeka. Mama akakaa nyuma kushika usukani, maana mto ni wake. Mimi nikakaa mbele na kumpa mgongo, na heshima ikawa salama. Akitaka kuniambia neno, alimwambia binti yake, naye ananiambia mimi, katikati ya kuugua. "Mama anasema uvute kushoto," alisema, halafu akaongeza matusi yake mwenyewe, ambayo najua mama hakuyasema.

Nchi ile ni majani matupu, hakuna mti wa kuzuia macho. Bati la paa la misheni tuliliona mapema, na ndilo lililonitia hasira. Mto ulipinda, bati likawa kulia kwetu. Ukapinda tena, likawa nyuma yetu kabisa. Nilipiga kafi kwa nguvu zote na bado lilikuwa mbali vilevile. Niliutukana mto ule kimoyomoyo, mchana kweupe, bila aibu.

Kisha nikasikia mawe. Maji yalibanwa kati ya miamba, yakawa meupe, na mtumbwi ukaanza kukimbia wenyewe. Nilingoja neno kutoka kwa mke wangu. Halikuja. Niligeuka nikamwona amefumba macho, mdomo wazi, na nyuma yake uso wa mama mkwe, wote mzima, ukiniangalia.

"Usiniangarie miye," alisema. "Angaria mayi."

Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia maishani. Nikageuka mbele. Kuanzia hapo hakuniachia nafasi ya kupumua: vuta, acha, sukuma jiwe, weye muntu wa treni, kuume nimesema kuume. Nami nilimjibu kwa sauti, ndiyo mama, ndiyo mama. Mara mbili maji yaliingia, mara mbili tuliyashinda. Tulipotokea upande wa pili, mke wangu alifumbua macho na kuuliza kwa nini tunapiga kelele. Nakwambia, sijawahi kufurahi kutukanwa kama siku ile.

Misheni walimchukua kwa machela. Mimi, hatari imepita, nikakumbuka adabu zangu, nikaenda kujificha nyuma ya ukuta wa zahanati. Nilikaa pale, kafi lingali mkononi. Jua lilikuwa bado juu niliposikia kilio, kidogo, chenye hasira. Nikajifunika uso na kulia.

Nyayo zikaja kuzunguka ukuta. Nikainuka haraka nitafute majani ya kuingilia, lakini pale palikuwa na uwanja tu.

"Kimbia, na nani atabeba mutoto?" alisema mama mkwe. Akanikabidhi binti yangu, akaniangalia usoni bila kupepesa. "Mama yake iko muzima. Na weye, kafi haujue kupiga muzuri. Lakini tumefika."