Namba Zinazokwenda kwa Baba

Kila mwezi wa sita huwa naitangazia serikali ya nyumbani kwamba sina kitu. Sijidhalilishi, najaza fomu. Ukishakuwa na namba ya mlipa kodi Kenya, huna budi kutoa taarifa kila mwaka hata kama huna kipato huko, la sivyo utapigwa faini. Mshahara wangu naupata hapa Toronto, kwenye ghala moja la Downsview, na kodi yake nakatwa hukuhuku. Fomu ya nyumbani ni sifuri kutoka juu mpaka chini.

Ni kazi ya dakika kumi. Kwetu ilikuwa ikila saa nzima, na aliyeichelewesha ni baba.

Nilipokuwa nahama, baba ndiye aliyenifungulia akaunti ya kodi mtandaoni. Maisha yake yote ya kazi alikuwa karani wa chama cha ushirika kule Voi, na fomu hazimtishi hata kidogo. Laini yangu ya simu ilikuwa karibu kufungwa, kwa hiyo akaandika yake. Tangu hapo, kila nikitaka kuingia kwenye akaunti, tarakimu sita za uthibitisho hutumwa kwenye simu ya baba, na inabidi nimpigie anisomee. Tarakimu hizo hudumu dakika tano. Salamu za baba hudumu zaidi ya hapo.

"Baba, nisomee haraka, muda unaisha!"

"Kwanza hujambo?"

"Sijambo. Namba, baba."

"Mume wako hajambo? Na watoto? Na yule jirani yenu aliyevunjika mguu, anatembea sasa?"

Muda ukaisha. Nikaomba namba nyingine, nazo zikaisha muda tukiwa bado kwa jirani. Mara ya tatu nikafoka. Baba akaniambia taratibu kwamba yeye si mashine, na kwamba mtu haanzi na hesabu kabla hajajua kama mwenzake yu mzima. Nikashika adabu yangu. Mwaka uliofuata nilipiga Jumamosi saa mbili asubuhi, kwao saa tisa alasiri, nikazimaliza salamu zote pamoja na mguu wa jirani, ndipo nikabonyeza kuomba namba. Tukaendelea hivyo miaka na miaka, na nikiri hapa kwamba mara nyingine kati ya mwezi wa sita mmoja na mwingine nilimpigia mara mbili au tatu tu. Kazi, watoto, uchovu. Sababu hazikosekani.

Mwaka huu dada yangu, ambaye ndiye anayekaa na baba, alinipigia mapema.

"Hiyo laini ya baba itoe, weka yako," alisema. "Juzi kuna mtu amempigia akijifanya wa benki, baba akamtajia mpaka mwaka wake wa kuzaliwa. Halafu siku hizi anasahau. Na si kusahau kidogo."

Nilimwambia nimesikia. Ukweli ni kwamba sikutaka kusikia.

Jumamosi ilipofika niliketi na kompyuta kwenye meza ya jikoni, hapa kwetu Crescent Town, nikapiga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, madam. Nilikuwa nawangojeni."

Nikacheka. Baba ni mtu wa mizaha, anaweza kukaa na mzaha mmoja wiki nzima bila kutabasamu. Nikamuuliza habari za mchana.

"Njema. Nimeambiwa leo ni siku ya kodi. Tuma namba, miwani ninayo."

Nikabonyeza. Akanisomea tarakimu zote sita, moja moja, bila kukosea na bila kumuulizia mtu yeyote. Akaunti haijawahi kufunguka haraka namna ile. Hapo nikajua kwamba ile "madam" haikuwa mzaha.

"Sasa, madam," akasema, "naomba kusema neno juu ya huyu mtoto."

"Mtoto gani, baba?"

"Mwenye hiyo akaunti. Yuko Kanada. Tafadhali msije mkamwandikia faini. Hana kitu huku, lakini kila mwaka anajaza, hajaruka hata mmoja. Ana kichwa kigumu, hilo kosa langu, amenirithi. Nilimsomesha kwa taabu, na sijajuta hata siku moja."

Hajawahi kuniambia hivyo. Wazee wetu hawawasifu watoto wao usoni, huwasifu kwa wageni, na mimi siku hiyo nilikuwa mgeni. "Ni mimi, baba" ilikuwa tayari mdomoni. Niliogopa kumwaibisha. Niliogopa pia kwamba akinijua ataacha kusema, na nilitaka aendelee. Machozi yalinitoka nikayafuta kwa kitambaa cha vyombo.

Kwenye fomu palikuwa na sehemu ya kubadilisha simu. Nikajikaza, nikasema kwa sauti ya ofisini, "Hatutamwandikia faini, baba. Ila tunaweza kuweka simu yake mwenyewe, ili wewe usisumbuliwe tena."

"Hapana!" Sasa alikuwa karani kabisa. "Hiyo msiiguse. Mkiweka yake, atanipigia kwa sababu gani?"

Siku ile sikuigusa. Niliibadilisha baada ya wiki moja, kwa sababu dada alisema kweli na matapeli hawana huruma. Lakini sasa napiga kila Jumamosi, saa mbili juu ya alama. Kuna siku ananijua tangu neno la kwanza, na kuna siku mimi ni madam. Akianza kupapasa miwani ili anisomee, namwambia, "Leo hakuna namba, baba. Nimepiga tu."