Mchanga Kwenye Pua ya Shaba

Mwaka nilioandika hadithi yangu ya kwanza nilikuwa bado fundi wa mvuke katika kiwanda cha mkonge, mwendo wa nusu siku kutoka mji wa Wote. Kiwanda kilijitengenezea umeme. Boila ilikula kuni, mvuke ukazungusha mtambo, kisha ukaingia kwenye tangi la baridi na kugeuka maji. Juu ya tangi palikuwa na kivuta hewa: bomba lenye pua ya shaba, ambamo mvuke mwingine ulipita kwa kasi na kufagia hewa iliyobaki tangini. Hewa isipotoka, mtambo unachoka na kuni zinaungua bure.

Tangu mvua zianze, geji ya tangi, inayoonyesha jinsi hewa inavyovutwa, ilikuwa ikishuka. Meneja alitupa hadi mwisho wa mwezi; baada ya hapo ingeletwa injini ya dizeli, na sisi tisa wa boila twende nyumbani.

"Ongeza mvuke," fundi mkuu alisema.

"Tumefungua hadi mwisho, Mzee. Ndiyo kwanza inazidi kushuka."

Jumapili, baada ya kanisa, nilichonga kigingi cha mpingo, kwa ufundi uleule baba yangu aliochongea twiga huko Kitui. Nilikipunguza mpaka kikakaa barabara katika pua ya akiba, iliyolala stoo ndani ya grisi bila kutumika. Kesho yake nikakijaribu katika pua ya kazini. Kilipita chote, kikaanguka sakafuni.

Fundi mkuu alikiokota. "Nyinyi wa Kitui. Nilidhani mnachongea watalii tu."

"Mzee, kila Jumamosi tunaisugua na nini?"

Aligeuka kutazama debe la mchanga kando ya boila. Maji yetu ya chumvi yaliacha ukoko mweupe puani, nasi tuliutoa kwa mchanga wa mto, kama mama zetu wanavyosugua sufuria, hadi shaba ing'ae. Niliyesugua kwa bidii kuliko wote ni mimi, na nilisifiwa. Tundu lilikuwa limepanuka. Mvuke ulipita mwingi, mlegevu.

"Tukifunga hii mpya, ukoko tutautoaje?"

"Tutailoweka kwa ukwaju."

"Ukwaju ni wa uji, kijana."

"Basi uji utatugawia, Mzee."

Tuliifunga siku hiyo hiyo, na geji ikapanda. Mwisho wa mwezi meneja aliigonga kwa kidole mara mbili, akatazama kuni zilizosalia, zikifika dirishani, akatoka bila kutaja dizeli.

Fundi mkuu alibeba debe la mchanga mwenyewe, akalirudisha mtoni.